Mkulima Anayefyeka Mahindi Yake Mazuri

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mama mmoja anapita shambani kwake, panga mkononi, akikagua majani ya mahindi. Bua lenye majani yaliyotobolewa na viwavi analiacha. Bua zuri, la kijani, lisilo na tundu hata moja, analikata.

Hajaugua. Mwandishi aliuliza, kwa heshima zote.

"Muulize yule," anasema, akielekeza kidevu kwa mumewe, ambaye ghafla anaona kuna kazi upande wa pili wa shamba.

Mama huyu, anayeitwa Mama Mbegu na kijiji kizima, amepanda mahindi ya mama mkwe wake kwa miaka ishirini na mbili. Kila mavuno huchagua mahindi bora na kuyaning'iniza juu ya jiko, moshi uyalinde.

Msimu huu mumewe alirudi kutoka mkutano wa kampuni ya mbegu na pakiti ya bure: punje mia mbili za mahindi yaliyobadilishwa vinasaba ili kiwavi asiyale. Akazichanganya kwenye kopo la mbegu za nyumbani.

"Nilitaka kumsaidia," anajitetea mshtakiwa.

"Baba watoto, ungenisaidia kwa kulala."

Tatizo ni sharti lililoandikwa mgongoni mwa pakiti: mavuno hayaruhusiwi kupandwa tena. Mbelewele, yale maua ya kileleni, zikichanua, upepo utachanganya chavua zote, na mbegu ya mama mkwe haitakuwa yake tena. Zimebaki siku tatu au nne.

Hadi sasa amekata mabua mia moja sitini na tatu. Ng'ombe analishwa yote. Hakutoa maoni, mdomo ulikuwa umejaa.

"Shemeji, hayo mahindi yamekutukana?" anapaza sauti mdogo wa mume, anayelima mihogo ng'ambo ya mfereji.

"Cheka tu! Kaka yako ndiye aliyenitukana."

Hata hivyo, Mama Mbegu hasemi mahindi hayo ni sumu. Mwaka jana viwavi walimlia magunia manne kati ya kumi na moja.

"Nayaonea wivu, nakwambia kweli. Nikilikata moja, roho inauma. Lakini mbegu ambayo siwezi kuitunza mwenyewe, mwaka ambao sina hela nitapanda nini? Mawe?"

Na yale thelathini na saba ambayo hayajaonekana? Mumewe anadhani mengine yaliozea ardhini. Mkewe hadhani. Ataendelea kukagua mstari kwa mstari, na mwakani atatoa mbegu kwenye mabua yaliyotobolewa peke yake.

Alhamisi mtaalamu wa kampuni anarudi kijijini, na safari hii Mama Mbegu atakwenda mwenyewe, akae mbele.

"Nitamuuliza moja tu. Hiyo kinga ya viwavi, wanaweza kuitia kwenye mahindi ya mama mkwe, halafu waniache niyatunze? Akikubali, nampigia makofi. Akikataa, basi aje yeye anieleze aliyekuwa akisaidiwa ni nani."