Aliyeifundisha Kompyuta Neno "Salama"

Saa mbili asubuhi umeme unarudi Bangwe, na Winfrida anaikimbilia kompyuta kama mtu aliyesikia maziwa yakifoka jikoni. Umeme wa mtaa huu hauna adabu. Huja bila hodi na huondoka bila kuaga.

Kwenye kioo inatokea sentensi moja: "Wezi wamekata nyavu za Haruna jana usiku." Anaichambua kama anayechambua mchele. Nani kafanya? Wezi. Wamefanya nini? Wamekata. Wamekata nini, cha nani, lini? Kila jibu analiwekea alama yake. Mwisho anajibu swali kubwa: kuna mtu yuko hatarini, au hakuna?

"Kompyuta inaona herufi tu," anasema bila kugeuka. "Haijui mwizi ni yupi na mwenye nyavu ni yupi. Mpaka uioneshe, tena na tena, ndipo inashika."

Ndiyo kazi inayomlisha dada huyu wa miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Mwamgongo, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa. Analipwa kwa sentensi, na mwezi ukiwa mzuri anapata kama laki mbili. Majirani walimwita Mwalimu wa Kompyuta. Mama yake, Marcelina, aliwatambia wanawake wenzake wakianika dagaa: "Wangu anafundisha mashine Kiswahili!"

Siku hizi Winfrida anaomba asiitwe jina hilo.

Kampuni inayompa kazi ilianzisha huduma ya majaribio kwa wavuvi. Ukipata shida ziwani na mtandao bado unashika, unatuma ujumbe kwenye namba moja. Kompyuta inausoma. Ikiona hatari, inapiga king'ora kwenye simu ya Mzee Leodgar, msimamizi wa boti ya uokoaji pale Kibirizi. Isipoona hatari, ujumbe unawekwa kando mpaka mtu wa ofisini aje kuusoma asubuhi.

Ili kuifundisha, kampuni ilikusanya ujumbe halisi wa wavuvi na kuukata sentensi moja moja. Mwongozo ulikuwa mfupi: soma kila sentensi peke yake, usibuni.

Sasa, mtu wa mwambao huu humjui mpaka umsalimie akiwa na msiba. Muulize habari za nyumbani, atakuambia salama. Mtashikana mikono, mtaulizana watoto, mvua na mihogo. Ndipo atasema taratibu, "Ila baba tumemzika juzi." Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Salama ile ni hodi tu, habari yenyewe iko ndani.

Winfrida alilijua hilo tangu ananyonya. Hata hivyo, kila alipokutana na "Sisi huku salama" imesimama peke yake, aliweka alama ya hakuna hatari.

"Niliwahi kumuuliza msimamizi wangu, kaka Meshack, yuko Dar es Salaam. Akasema, 'Dada, weka kilichoandikwa, tusiweke ya moyoni mwetu.' Sikubisha. Nilitaka kumaliza kazi. Niliiweka alama ile mpaka vidole vikazoea."

Novemba iliyopita, boti ya kaka yake Nikodemu ilizimika injini upande wa kaskazini wa Gombe, upepo ukivuma. Ndani walikuwa watu watatu. Nikodemu alituma ujumbe. Winfrida anaujua kwa moyo, lakini anatusomea kutoka kwenye simu, pengine ili asitutazame usoni.

"Shikamoo Mzee Leodgar. Sisi huku salama. Ila upepo umetuzidi kidogo na injini imegoma. Tunaomba mtuangalie. Wasalimie nyumbani."

Kompyuta iliuweka kando pamoja na salamu, kwenye fungu la hakuna hatari.

Boti ilizama, na aliyeokoka peke yake ni Gharib, aliyeng'ang'ania dumu la mafuta mpaka kulipokucha. Tulimkuta Kibirizi akishona nyavu za watu wengine. Yeye haingii tena majini.

"Nilimwambia Niko, andika tunakufa. Akanikasirikia. Akasema, 'We bwana, mtu mzima unamwamkiaje kwa kifo?' Akamsalimia kwanza. Halafu tukatulia, maana tulijua wanakuja."

Walijua wanakuja! Mwandishi wa habari hii ameandika mengi kuhusu ziwa hili, lakini maneno hayo yalimkata maini. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikodemu hakuficha kitu. Alisema yote, kwa adabu aliyolelewa nayo, akiiambia mashine iliyofundishwa na mdogo wake.

Baada ya mazishi Winfrida alimwomba Meshack autafute ujumbe huo. Meshack aliukuta kwenye fungu la salamu. Kwa simu, Meshack hakujitetea. "Hata kwetu Kasulu tunasalimiana hivyohivyo," alituambia. "Nilijua, nikapita. Nitaishi nalo."

Ujumbe mpya sasa unasomwa mzima mzima. Ule wa zamani, wenye alama za Winfrida, bado uko ndani ya mashine, na kampuni imesema haina fungu la kuurudia. Kwa hiyo anaurudia mwenyewe, bila malipo, kila umeme unapowaka. Sentensi ya wezi ilikuwa ya riziki. Zinazofuata leo, za bure, ni kwa ajili ya Nikodemu.

Lakini si hilo linalomnyima chakula. Ni swali la mama yake: "Ule ujumbe ulimfikia nani?" Marcelina amemuuliza kila mtu. Mzee Leodgar ameapa kwamba simu yake haikulia, na wengi hawamwamini. Wapo wanaosema alisikia akajigeuza kitandani. Kuna watu Kibirizi wasioitikia tena salamu yake.

"Mzee wa watu anabeba mzigo wangu," anasema Winfrida. "Na mimi namwacha aubebe. Nimeshindwa kusema. Nimekuwa mwoga."

Tukiwa bado tumekaa, simu yake inaita. Anaiweka mezani, sauti imefunguliwa, mikono yake ikiwa kwenye kompyuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za huko?"

"Amahoro tu," anajibu mama kwa lugha ya nyumbani, yaani amani. "Huku salama."

Mikono inasimama. "Mama, salama ila nini?"

Sauti ya mama inashuka. "Ila nilikuja Kibirizi juzi kuuza dagaa. Leodgar akanisalimia mbele za watu. Nikampa mgongo."

Winfrida anaufunika uso kwa kanga. Machozi yanamtoka.

"Jumamosi nakuja, mama," anasema hatimaye. "Ujumbe ule namjua aliyeupokea. Nitakuambia nikifika. Usimpe tena mgongo yule mzee."

"Ni nani, mwanangu?"

"Nikifika, mama."

Amepanga kupita kwanza kwa Mzee Leodgar na kumwomba wapande boti moja hadi kwa mama. Sharti alilotupa ni moja: habari hii isichapwe kabla hajashuka Mwamgongo. Tumelitimiza.

Tunapoaga, tunamuuliza anatumaini nini. Anafikiri kidogo, kisha anajaribu kuiwasha kompyuta, ambayo umeme ulikuwa umeikimbia tena bila sisi kujua. Haiwaki.

"Nikishamwambia mama," anasema, "nitamwamkia upya. Naomba aniitikie."