Uso wa Wifi

Mama Saluni na wifi yake walikuwa paka na panya, tena waliofungiwa jiko moja. Wifi, dada wa mumewe, alikuja kwao kwa siku mbili tatu, akaganda. Alikosoa chai, mapazia, hata jinsi mashuka yalivyokunjwa. Siku alipopata kazi ya mapokezi hotelini, ya kuanza mwisho wa mwezi, alichukua kopo la skrabu salunini bila hata kuomba.

"Hiyo usoni mara moja kwa wiki inatosha," Mama Saluni alimwambia. "Ngozi ikivumilia, labda mbili. Na usisugue kama sufuria iliyoungua."

Wifi akaguna. "Wateja wako wanang'aa, mimi unanibania. Roho mbaya hiyo."

Akasugua kila asubuhi, akachanganya na sukari na ndimu. Hakuna mkaidi kama mtu anayedhani anaonewa wivu! Mashavu yakachubuka, hata maji yakawa yanamchoma. Mama Saluni akamsihi aache kabisa, aoshe kwa maji matupu, apake mafuta, akwepe jua. Wifi akaongeza na jioni.

Hapo Mama Saluni aliingiwa na hofu. Uso ule ukiharibika, kazi ingepotea, na lawama zingemwangukia nani kama si mwenye saluni? Mumewe alikuwa wa kumwamini dada yake kwanza, maswali baadaye.

Dawa ya moto ni moto. Kesho yake alimfuata wifi bafuni.

"Nilikosea, wifi yangu," akasema kwa sauti tamu. "Sugua tu, asubuhi na jioni. Ndimu uzidishe."

Wifi alimkazia macho, kisha akalitupa kopo kwenye pipa la taka. "Kumbe unataka nibabuke! Nimekujua leo."

Hakugusa skrabu tena. Ngozi ikatulia polepole, na mwisho wa mwezi akaenda kazini uso mororo. Mama Saluni alicheka peke yake jikoni, akidhani yamekwisha.

Jioni hiyo mezani, wifi akamsimulia kaka yake yote.

Mume akaweka kijiko chini. "Ulimwambia azidishe ndimu?"

"Nilimwambia, lakini nilijua..."

"Ulimwambia, hukumwambia?"

"Nilimwambia."

Mume akainuka na chakula hakijaisha, akachukua mto wake chumbani, akaenda kulala sebuleni. Wifi akaivuta sahani ya kaka yake, akaanza kula.