Kisu Kilichocheza Ndani ya Ala

Niliondoka Haltom City Jumamosi asubuhi kwa sababu nilikuwa nimeharibu kisu cha mtu. Kilikuwa cha Papa Bisimwa, Mkongomani aliyenipa chumba nilipochoka kuhamahama. Kwa kisu hicho cha Kijapani alikuwa akikata samaki katika mgahawa mmoja wa Fort Worth. Alipolazwa kwa upasuaji wa nyonga, aliniachia kazi moja: nikipake mafuta, nikirudishe katika ala ya mbao. Ala hiyo aliichonga mwenyewe, ikakibana kisu pasipo sauti.

"Usikinoe," alisema.

Mimi shule niliiacha mapema. Kila kitu nataka kukijua kwa mkono. Nilikinoa kwenye ngazi ya saruji, pande zote mbili, kama panga.

Njiani kwenda Houston mvua haikukatika. Mkenya mwenye lori alinipa lifti. Nilipomweleza nilichobeba, akacheka: "Basi kaa hapa mbele nikuone."

Alasiri nilifika Pearland, kando ya Houston, kwa Dada Rehema, Mtanzania aliyewahi kukata samaki pamoja na Papa kabla ya kuhamia kazi ya hospitali. Nilikuwa nimempigia simu; mawe yake ya kunolea yalikuwa yamelowekwa kwenye beseni. Alipitisha kidole ubavuni mwa kisu.

"Hiki hunolewa upande mmoja tu. Papa anajua?"

"Bado, dada."

"Makali nitayarudisha. Chuma kilichokwenda, hapana."

Alianza na jiwe la kukwaruza, akamalizia na laini. Nilimsumbua kwa maswali mpaka akaniachia nijaribu.

"Polepole. Hulimi hapa."

Alikikausha, akakipitisha kwenye kipande cha ngozi, akakipaka mafuta. Kilikata karatasi kimyakimya, lakini kilikuwa kimekonda. Nilipokiingiza kwenye ala, kiligonga.

"Nikiweka kitambaa ndani?"

"Kitashika unyevu. Utampelekea kutu."

Jumapili nilirudi Haltom City. Papa alikuwa ameshatoka hospitali, ameketi, fimbo magotini. Niliweka kisu mezani, nikasema nimetoka kwa Rehema. Hakukichomoa. Alikitikisa karibu na sikio.

"Ni Rehema alikinoa?"

"Ndiyo, Papa."

"Na mbele yake, nani?"

"Mimi."

Alitazama vidole vyake. "Ala ingine siwezi tena kuchonga."

Hakunifukuza. Sasa najua kunoa, na najua kwamba kuna kunoa kunakopunguza kitu cha mwenzako milele. Papa amerudi kazini. Kila asubuhi naisikia ala ikigonga mkobani mwake, kutoka jikoni hadi mlangoni, mpaka anapowasha gari.