Maprofesa Wawili Wanakuja Kuposa

Wazazi wetu walipokufa niliacha shule nikawalea wadogo zangu. Kwa hiyo siku dada yangu mdogo alipokuja kuposwa, aliyekaa mahali pa baba ni mimi. Kwetu wageni wa posa husema wenyewe kilichowaleta. Mpaka waseme, mwenye nyumba haulizi, na chakula hakitoki jikoni.

Kijana alitoka mtaa wa Karavia na wasemaji wawili: mjomba wake, profesa wa sheria, na rafiki wa mjomba, naye profesa wa sheria. Wote wawili walikuwa wamemfundisha chuoni. Yeye mwenyewe, kwa desturi, hakuruhusiwa kufungua kinywa.

Mjomba alikohoa. "Ba famille, tumekuja na furaha, sawa vile mahakama ya juu ilitufurahisha juzi."

"Ilikufurahisha wewe," akasema mwenzake.

Basi tukaisha. Mahakama ilikuwa imeamua kwamba wakubwa wa mji hawawezi kukataza mkutano wa watu bila kutoa sababu.

"Iko hukumu muzuri!" akasema mjomba.

"Iko mubaya, mon cher. Hao bajuge, nani aliwachagua batawale muji?"

"Na sababu, nani atazipima? Serikali yenyewe? Unapatia mbuzi kazi ya kuchunga majani ya sombe!"

Wakaingia katika ibara za katiba, wakapotelea humo. Bukari, ugali wetu, ilikuwa inapoa jikoni. Dada yangu alichungulia nyuma ya pazia, macho mekundu, akaniashiria: yaya, mkubwa wangu, fanya kitu. Ningefanya nini? Ningeuliza wamefuata nini, ingeonekana ninamtembeza dada sokoni.

Shangazi yetu, aliyekuwa amesinzia kitini pembeni, akaamka. "Banasema juu ya mutoto wetu?"

"Bado, shangazi. Bangali ku serikali," nikamjibu.

Ndipo kijana akanyoosha mkono, kama darasani. Maprofesa wakanyamaza papo hapo.

"Ndiyo, wewe kule nyuma," akasema mjomba.

"Profesa, na mimi nitaoa lini?"

Shangazi akaruka kitini. "Amefungua kinywa! Amende! Alipe kuku moja!"

"Bila kumusikiliza?" mjomba akashtuka.

"Muntu hahukumiwe bila kujitetea!" akasema mwenzake. Kwa mara ya kwanza walikuwa upande mmoja.

"Humu ndani serikali iko mimi, mahakama iko mimi," akasema shangazi. "Haya, mumutetee. Hana kosa?"

Mjomba akasimama, akafunga koti. "Mama, huyu kijana hana kosa hata kidogo! Anapenda mutoto wenu, anataka kumuoa, na sisi tumekuja hapa kumuombea!"

Neno la posa lilikuwa limesemwa. Nikamwita dada haraka, kabla profesa wa pili hajapata la kupinga. Alitoka jikoni mbio, kijiko cha sombe bado mkononi.

"Unajua hawa bantu?" nikamuuliza, kama ambavyo baba angeuliza.

"Namujua huyu moja, yaya, na namukubali. Hawa bengine mubapatie chakula sasa hivi, bakule, kinywa kikuwe na kazi."