Binti yangu anaishi kwa unga mbichi, na sitaomba mtu ruhusa

Wakuu, habari za huko mliko. Haya ninayoandika yametokea nyumbani kwangu, na nikiongeza chumvi hata punje moja, mkanda wa mashine yangu ya kusaga ukatike leo hii wateja wakiwa kwenye foleni.

Ndiyo, mimi ni mtu wa posho mill. Niko Ikonge, Nyamira. Ukipita ukaona jamaa mweupe mpaka kope, si mzungu, ni mimi.

Kabla sijaanza: kama umekuja kuandika "pole, ni mapenzi ya Mungu," pita tu. Mungu namjua, Sabato naenda kanisani. Pole ndiyo nimechoka nayo.

Binti yetu anaitwa Kerubo. Alipofika miaka miwili alikuwa na tumbo kubwa kama la mja mzito, mashavu mviringo, miguu myembamba. Urefu umekataa. Asubuhi anaamka amelowa jasho, anatetemeka, macho hayakuoni. Akipewa chai anarudi kuwa mtoto.

Kliniki wakasema minyoo. Alipewa dawa za minyoo mpaka nadhani hata minyoo ya jirani ilikufa.

Wakasema kwashiorkor, utapiamlo. Mke wangu, Nyaboke, akafokewa kliniki mbele ya akina mama wenzake: "Unatoka Nyamira, ndizi zinaozea shambani, na mtoto anakufa njaa? Wewe unakula na nani?" Alirudi nyumbani hasemi. Mimi ndiye nilisema, na maneno niliyosema admin atayafuta.

Halafu watu wa ukoo wakaja na lao. Eti kuna mtu amemwangalia mtoto vibaya, atafutwe. Wakuu, kwetu huku neno kama hilo linaweza kumchomea bibi kizee nyumba kwa kuitwa mchawi. Niliwaambia, kwenye boma hili hakuna jina litatajwa. Mwenye kutaka kutaja aanze na langu. Wengine mpaka leo hawanisalimii, na sijapungua kilo.

Tukaendelea kuzunguka. Hospitali hii, hospitali ile, file limekuwa nene kuliko Biblia.

Siku moja Kisii mjini tukampata daktari msichana mdogo tu, nikajua hapa tena tumepoteza nauli. Akauliza swali moja: "Akilala bila kula, anaamka vipi?"

Wakuu, hakuna mtu alikuwa ametuuliza hilo. HAKUNA.

Alimpima sukari kabla hajala, akagusa ini. Akatuandikia barua ya kwenda Nairobi. Damu ikapimwa, nyingine ikapelekwa nje ya nchi, tukasubiri miezi. Jibu likaja: glycogen storage disease. Ini la mtoto linajaza sukari store lakini haliwezi kufungua mlango kuitoa. Ndiyo maana tumbo limejaa na mtoto mwenyewe yuko njaa.

Nikauliza dawa ni gani. Nilikuwa tayari kuuza shamba la majani chai.

Daktari wa Nairobi akasema: corn starch. Mbichi. Unakoroga na maji baridi, anakunywa kila masaa manne, mchana na usiku. Hakuna sukari, hakuna maziwa, hakuna matunda.

Nikamwambia, daktari, mimi nasaga mahindi, nitamletea unga mzuri kuliko huo wa dukani. Akacheka mpaka akavua miwani. Si unga wa ugali, ni ile starch nyeupe laini ya kwenye paketi. Hapo nilijua miaka yangu yote mashineni haijanifundisha kitu.

Lakini fikirieni, wakuu. Mtoto wa Kisii asile ndizi mbivu! Asinywe chai ya maziwa! Asitafune muwa! Ni kama kumwambia mtu wa ziwani asiguse samaki. Angalau matoke, ndizi mbichi za kupika, aliruhusiwa.

Tukaanza. Alarm kwenye simu mbili, simu moja isiponiamsha nyingine inanitukana. Baada ya miezi michache kutetemeka kukaisha. Kerubo akaanza kukimbiza kuku. Nyaboke akaanza kuimba akifua, na huyo mwanamke alikuwa ameacha kuimba kabisa.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana ndilo limenileta hapa.

Mama yangu anaishi nasi boma moja. Kwa huyo mzee, unga mbichi ni chakula cha kuku. Mimi nilikuja kutoka Nairobi kichwa juu, nikampa amri: "Mama, usimpe maziwa. Usimpe ndizi. Usimpikie uji. Daktari amesema." Basi. Daktari alinieleza kwa Kiingereza, mimi na mke wangu tukaelezana kwa Kiswahili na Kiingereza, na kwa Ekegusii, lugha ya nyumbani, hatukumweleza mtu chochote.

Mama akaitikia. Moyoni akasema hawa watoto wamesoma mpaka wakapotea.

Siku hiyo Nyaboke alikuwa ameenda Kisii kununua starch, mimi niko mashineni. Saa sita ikafika. Mama akaangalia kikombe cha unga na maji baridi, akamwonea mjukuu huruma. Akaumimina kwenye sufuria. Akapika erongori, uji mzito wa nguvu, akatia maziwa na sukari. Kerubo alikunywa akalamba kikombe.

Saa tisa naitwa mbio. Mtoto amekauka kama mti, mdomo umefungwa, povu. Kumbe starch ikipikwa inakimbia mwilini mara moja na kuisha. Kile kikombe hakikuwa dawa tena.

Nilimfunga kifuani na leso ya mama, pikipiki mpaka kituo cha afya. Wakataka kumdunga sindano ya malaria. Nikapiga kelele: "Pima sukari kwanza! Pima sukari!" Mmoja akaniambia nitulie, yeye ndiye amesomea. Nikamwambia mimi nimemsomea huyu mmoja tu, na sijawahi kufeli. Wakapima. Mashine haikuandika namba, iliandika LO, yaani sukari iko chini kuliko inavyoweza kusoma. Hapo wote wakaanza kukimbia, dripu ya glucose ikaingia, macho yakafunguka.

Nilikaa chini sakafuni nikalia. Siwafichi.

Tukapelekwa hospitali kubwa alazwe, mama akiwa nami. Nesi wa zamu alikuwa mgeni huku kwetu, mtu mzuri tu. Akamuuliza mama, mtoto anakula nini nyumbani? Mama na Kiswahili chake cha kuokoteza akafunguka: "Baba anamnyima maziwa. Baba anamnyima ndizi. Baba anampa unga mbichi kama kuku."

Nesi akaandika kila neno. Muda si muda naitwa pembeni, kuna afisa wa watoto anataka kunijua vizuri.

Wasiojua, kwa Ekegusii "baba" ni mama. Mtoto wetu akimlilia mama yake analia "baba", na mama yangu humwita mke wangu hivyo hivyo. Yaani mama alikuwa anamshtaki mkwe wake, na mimi ndiye naelekea cell!

Nyaboke akaingia wakati huo, mkoba wa starch begani. Akasikiza, akamwambia afisa: "Huyo Baba anayenyima mtoto ndizi ni mimi. Na nitamnyima kesho, na kesho kutwa. Soma." Akamwekea mezani barua ya daktari wa Nairobi, yenye jina la ugonjwa na masharti yote. Huyu ndiye aliyefokewa kliniki akanyamaza, wakuu. Afisa alisoma, akasoma tena, akatushika mkono.

Mama alikuwa kwenye benchi. Alikuwa ameelewa kwamba ni uji wake uliomleta mtoto hapa. Nilikuwa nimejaa hasira za kumwambia, nikamwangalia, zikaisha.

Nikakaa karibu naye nikamweleza kwa Ekegusii, mara ya kwanza. Mama, uji uliopikwa ni majani makavu ya mgomba, ukiwasha yanawaka puu na kuisha. Unga mbichi ni gogo, unawaka polepole mpaka jioni. Mtoto wetu anahitaji gogo.

Akanigeukia. Halafu akasema: "Na kwa nini mlinifanya mjinga miezi yote hii? Hilo si ningeelewa siku ya kwanza?"

Nikachukua starch kwenye mkoba wa Nyaboke, nikampa mama akoroge kikombe kinachofuata. 

Juzi nursery walituambia mtoto wa masharti hivi hawamuwezi. Kabla sijafungua mdomo, mama akamwambia mwalimu: "Mwandike. Saa yake ikifika nitakuja na kikombe, na nitakaa darasani nijifunze A E I O U." Ameandikwa. Bibi yuko dawati la nyuma.

Nilichojifunza: ukitoka kwa daktari, usirudi na amri. Rudi na maelezo, kwa lugha ya yule anayeshika kikombe. Na mtoto wako akiamka na jasho anatetemeka, kisha akila anapona, usikubali kufukuzwa na dawa ya minyoo.

Ugonjwa huu hauponi, nimeambiwa wazi. Kuna watu wameshaanza kupanga matanga yetu. Waendelee kupanga, sisi tunakoroga.

Wenye uzoefu wa hali kama hii, hasa mikoa mingine, tiririkeni hapa chini. Wa kubisha na wa kunitukana pia karibuni, lakini kwanza nipisheni dakika mbili. Alarm imelia.