Maji ya Mtungi

Leo nimemnunulia Mama mtungi mpya huko Kanyenye. Ameujaza, na nyumba nzima inanukia udongo mbichi, kama nyumba yetu ya zamani kule Ulyankulu.

Huko ndiko mdogo wangu alikuwa na siku tatu tu pumzi ilipoanza kumkatika. Mama alichota maji mtungini, akanipa kata.

"Wewe si ndiye bingwa wa katekisimu? Mbatize mdogo wako, upesi!"

Maneno yote nilikuwa nayo kichwani. Lakini nilitazama yale maji yetu ya kunywa, nikaogopa kukosea.

"Mama, haya hayajabarikiwa."

Nikakimbilia kigangoni kuomba maji ya baraka. Niliporudi na kichupa, mtoto alikuwa ameshafunikwa kanga.

Katekista alisema asiyebatizwa hazikwi pamoja na Wakristo. Tukamzika nje ya uzio wa makaburi, pembeni ya shamba la mihogo.

"Mwalimu, kwani Mungu hamjui mdogo wangu?" nilimuuliza.

"Maji yoyote yangetosha, mwanangu," alinijibu. "Hukusikia darasani?"

Bado nasali. Ila siamini tena kwamba Mungu anaweza kumfungia mlango mtoto wa siku tatu kwa sababu ya maji. Nimemwambia Mama hivyo mara nyingi, na leo nimerudia. Amenisikiliza mpaka mwisho, akachota maji, akanipa. Nimesema sina kiu, kama ninavyosema siku zote.

"Kama unayaamini hayo unayoniambia," ameuliza taratibu, "mbona maji ya mtungi huyanywi?"