Stajiere wa Darasa la Kwanza, Lweba

Nimechoka na swali hili, lakini kila mwaka linarudi. Wanafunzi wangu wa mwaka wa sita wa sekondari, hapa Baraka, wananiuliza, "Madamu, tukimaliza tutafanya kazi wapi?" Mi ninafundisha sehemu ya ualimu. Ninawafundisha kufundisha. Ninawaambia, someni kwanza, kazi itawakuta. Wanacheka. Siku hizi hata mi ninacheka nao.

Kabla ya mtihani wa serikali, kila mmoja wao lazima aende staji, yaani mazoezi ya kufundisha, katika shule ya msingi, na mi ndiye ninayemtafutia nafasi. Mtu atadhani shule zinatukataa. Wapi! Wanatugombania, maana stajiere halipwi, na walimu wenyewe wengi wamekimbilia kuchimba dhahabu Misisi. Ndivyo ilivyokuwa Lweba. Mwalimu wa darasa la kwanza aliaga kwamba anaenda kuzika. Mpaka leo anazika. Nikampeleka pale msichana mmoja, mkimbizi kutoka Burundi, kwa sababu Lweba iko njiani kuelekea kwao, kambini Lusenda. Stajiere anatakiwa akae nyuma kwanza, amtazame mwalimu akifundisha. Mwalimu gani? Akashika chaki mwenyewe siku ileile.

Mwisho wa staji nilienda na wanafunzi wenzake kumkagua. Kabla sijaingia darasani, direkta wa shule ile akanivuta pembeni. Ni mzee mpole, amechoka kuliko mimi. Alikuwa anafundisha la tano na la sita kwa pamoja.

"Madamu, mugeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mutoto ametuponya. Batoto banasoma! Sasa akipata diplome anaenda, na mi nabaki na nani? Mukatie pointi kidogo. Arudilie mwaka. Mwaka moja tu, Madamu."

Nilikasirika kweli. Nikamwambia aone haya, mtu mzima na mvi zake. Lakini kupitia dirishani niliwaona wale watoto, wengine wamekaa chini, vichwa vyote vimegeukia ubao, na hasira yangu haikukaa sana.

Somo lilikuwa la kutoa. Alichora ubaoni ndagala kumi, wale dagaa wadogo wa ziwani, akasema paka amekula tatu. Katoto kamoja ka kike kakainuka. "Madamu Mudogo," ndivyo walivyomwita, "bantu habahesabuke ndagala. Banapimaka na beseni." Darasa zima likaangua kicheko. Ni kweli, nani kando ya ziwa hili amewahi kuhesabu ndagala? Nimeona stajiere wengi wakimkaripia mtoto kwa neno dogo kuliko hilo. Huyu akacheka nao, akafuta ubao, akasema, "Aksanti, mama. Basi tuhesabu mikeke." Mukeke ni samaki anayeuzwa mmoja mmoja. Paka akala tatu tena, na saba ikatoka kwa kelele, mpaka kwa wale waliokaa chini.

Baada ya somo, kama kawaida yetu, wenzake wakasimama mmoja mmoja kumkosoa. Ukali huo mi ndiye niliyewafundisha. Mmoja akasema ameacha maandalizi aliyoyaandika nyumbani. Sawa kabisa, na kanuni inasema hapo pointi zinakatwa. Direkta, aliyesimama mlangoni, akaniangalia. Ningekata, na hakuna mtu angeuliza. Msichana naye alikuwa ananiangalia, anajifuta chaki kwenye sketi. Nyumbani kwao yeye ndiye wa kwanza kufika mwaka wa sita.

Sikukata. Nilimpa alichostahili, tena cha juu. Nilirudi Baraka juu ya moto, yaani pikipiki, vumbi mpaka kwenye meno, nikiwa na furaha. Furaha kwangu ni kitu adimu, acha niiseme.

Na alifaulu mtihani wa serikali. Septemba, masomo yalipofunguliwa, nilimkuta direkta yule amekaa kwenye benchi mbele ya darasa langu, kofia iko magotini.

"Madamu, naomba stajiere."

"Stajiere ya nini? Si yule binti iko? Diplome anayo, na ile darasa anaililia!"

"Alikuja, Madamu. Siku ya kwanza kabisa, asubuhi, amevaa muzuri. Nilimurudisha." Alikuwa anaisemea kofia yake. "Stajiere anafundisha bure, hakuna mwenye kuuliza. Lakini mwenye diplome, serikali inapashwa kumulipa, na jina yake bado haiko kwabo. Bazazi nao, tangu masomo ikuwe ya bure, habatoe tena kitu ya kulipa mwalimu. Mwisho wa mwezi nitamuambia nini?"

"Na sasa anafanya nini?"

"Iko kwabo Lusenda. Anakaa tu."

Nilikaa kwenye benchi, kando yake. Akasema, bila ubaya wowote, kwa upole wake uleule:

"Ungemukatia zile pointi, Madamu, leo angekuwa bado stajiere, mu darasa yangu."

Nilitaka kumtukana. Badala yake niliingia darasani, nikawatazama wanafunzi wangu wapya wa mwaka wa sita, nikamchagulia aliye hodari kuliko wote.